Starfield: sayari 1,000, safari hakuna

Starfield ni gemu nzuri kila inapokusahaulisha kwamba ina sayari 1,000. Nimeianza kwa kuchelewa, wenzangu wakiwa wameshaimaliza na kuigombania mpaka wakachoka, lakini hata hizi saa za mwanzo zimenitosha kuona kwamba ugomvi wao haukuwa wa bure. Juni 2022 Todd Howard wa Bethesda Game Studios, bwana yuleyule wa gemu za Skyrim na Fallout 4, alitangaza kuwa gemu yao mpya ingekuwa na zaidi ya mifumo 100 ya nyota na zaidi ya sayari 1,000 za kuzuru. Tangu siku hiyo namba ikawa ndiyo gemu. Ilipotoka Septemba 2023, kwenye Windows na Xbox Series tu, kwa kuwa Microsoft ilikuwa imeshainunua kampuni mama ya Bethesda kwa dola bilioni 7.5, kila mtu aliingia na ile 1,000 kichwani. Waliotoka wamenuna, wengi walinunia hiyohiyo 1,000.

Mimi sina ugomvi na ukubwa, wala na utupu. Anga ni tupu, ndivyo lilivyo, na gemu ya anga isiyokuwa na jangwa lisilo na mtu ingekuwa inatudanganya. Ninachokilalamikia ni kwamba Bethesda wameuweka utupu wote ule halafu wakaondoa vitu viwili vinavyoufanya utupu uwe na maana: njia ya kuufikia, na hatari ya kuwa ndani yake.

Mwanzo wenyewe una haraka ya ajabu. Mwaka ni 2330, Dunia imeshahamwa, nawe ni mchimba madini kwenye mwezi unaoitwa Vectera. Unashuka na lifti pamoja na msimamizi wako, Lin, na mwenzako Heller, unapewa kifaa cha kukatia miamba kwa leza, na kabla hujazoea vitufe unakutana na kipande cha chuma kisichoeleweka. Unakigusa, unaona maono, unaanguka. Ukizinduka ndipo gemu inapokuuliza jina na sura yako. Muda si mrefu anatua jamaa anaitwa Barrett, maharamia wa Crimson Fleet wanamfuata nyuma, mnapigana nao, kisha Barrett anakukabidhi chombo chake, roboti wake VASCO na saa yake ya mkononi, akabaki yeye pale mgodini. Hakujui wewe ni nani. Hajui hata kama unaweza kurusha chombo. Niliwahi kuona mwanzo wa gemu ulio mzito kuliko huu. Huu unataka tu kukufikisha angani upesi, kama vile waandishi nao walikuwa na hamu ya kufika kwenye ile namba yao.

Ila hapo kwenye kujitambulisha kuna kitu kilichonifanya nicheke peke yangu. Unaweza kumpa mhusika wako hadi tabia 3, kila moja ikiwa na faida na hasara yake. Mojawapo inakupa wazazi walio hai. Wanaishi kwenye ghorofa pale mjini New Atlantis, wamechorwa wakafanana na sura uliyojitengenezea, na unaweza kwenda kuwasalimia muda wowote. Hasara yake ni kwamba kila wiki sehemu ya pesa zako inakatwa na kutumwa kwao. Watengenezaji wa Maryland, Marekani, waliliona hilo kama adhabu ya kusawazisha faida. Msomaji wa Dar, Mombasa au Bujumbura atasoma hayo maelezo na kujiuliza adhabu iko wapi, maana hivyo ndivyo mwisho wa mwezi unavyokuwa. Nilichagua bila kusita.

Na wazee wenyewe ni raha. Unabisha hodi, mama anafurahi, baba anaanza maneno yake, wanakuuliza kazi inaendaje huku wakikuonea fahari kwa mambo ambayo hawayaelewi. Ukiendelea kuwatembelea wanakupa zawadi. Siku mfuko ukitoboka unaweza kwenda kuwaambia ana kwa ana kwamba huwezi tena kutuma, na tabia ile inafutika kwenye orodha yako. Sijathubutu. Huku nje kuna magaidi, maharamia na wadudu wanaoruka, lakini mazungumzo ya kuwaambia wazee kwamba nimekwama yamenishinda.

Nimekaa kwenye kisa hiki kidogo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo Bethesda ninayoipenda. Chumba kimoja, watu wawili, sharti moja linaloeleweka. Hakihitaji hata sayari ya pili.

Sasa twende kwenye njia. Tuseme uko New Atlantis, mji mkuu wa dola ya United Colonies, kwenye sayari ya Jemison katika mfumo wa Alpha Centauri. Unataka kwenda Akila, makao ya wapinzani wao wa zamani, Freestar Collective. Unaingia chomboni: skrini inafunga na kufungua. Unakwenda kwenye kiti cha rubani: unajitazama ukikaa. Unashikilia kitufe cha kuruka: unaonyeshwa chombo kikipaa, picha ya nje, wewe hushiki kitu. Uko angani. Unafungua ramani, unachagua mfumo wa Cheyenne, nguvu inajazwa kwenye injini, mwanga mkali, umefika. Unafungua ramani tena, unachagua pa kutua, unaonyeshwa chombo kikitua. Unanyanyuka kitini. Unatoka mlangoni: skrini inafunga tena na kufungua.

Hiyo ndiyo njia ndefu, ya mtu anayetaka kujisikia rubani. Mahali ulipokwisha kufika unaweza kufungua ramani ukiwa umesimama sokoni, ukachagua, na ukajikuta kwenye soko lingine miaka ya mwanga kadhaa kutoka pale, bila kukigusa chombo chako. Nami nimeshaanza kufanya hivyo. Chombo nilichokihangaikia kimegeuka stoo ya kuwekea mizigo. Ni sawa na kupanda basi Mbezi, ukafumba macho na kufumbua Mbeya: umefika, ndiyo, lakini tembo wa Mikumi hukuwaona, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni hukuiona, na kule Kitonga hukukishika kiti cha mbele kwa woga.

Skyrim, ya mwaka 2011, nayo ilikuruhusu kuruka mahali hadi mahali kwa ramani. Tofauti ni kwamba sehemu nyingi ilibidi kwanza uzifikie kwa miguu yako, na humo njiani ndimo gemu ilimokuwa. Umetumwa kijijini kupeleka barua, unaona moshi upande wa kilima, unakwenda kuchungulia, unatoka huko usiku ukiwa na upanga usiokuwa nao asubuhi na barua bado iko mfukoni. Hakuna aliyekutuma kilimani. Macho yako ndiyo yalikutuma. Kwenye Starfield macho hayana kazi hiyo, kwa sababu kati ya sehemu mbili hakuna kitu cha kuona isipokuwa orodha na ramani. Visa vya angani vipo, na vingine ni vitamu: kuna bibi anayezurura na chombo chake peke yake anayekuita kwa redio na kukukaribisha chakula. Lakini naye unamkuta umeshafika, akikusubiri kwenye mzunguko wa sayari. Hukumpata njiani, kwa kuwa njia yenyewe haipo.

Wapo wanaosema ni uvivu wa watengenezaji. Sikubaliani nao. Injini yao, ambayo sasa wanaiita Creation Engine 2, imejengwa juu ya desturi ya miaka mingi: dunia inakatwa vyumba vyumba, na ndani ya kila chumba kila kitu kina uzito wake na mahali pake, na kinakumbukwa. Ukiacha kikombe juu ya meza ya baa kule kwenye mji wa Neon, ukaenda kupigana vita mwisho wa anga na kurudi, utakikuta kikombe. Siku za mwanzo za gemu ilisambaa video ya mchezaji aliyejaza viazi chumba kizima cha chombo chake, akafungua mlango, na viazi vyote vikamwagika kila kimoja kwa mwendo wake. Gemu nyingi haziwezi kufanya hivyo hata kwa viazi vichache. Gharama yake ni hizo skrini zinazofunga na kufungua.

Upande wa pili iko No Man's Sky, ya kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games. Kule unanyanyuka kutoka kwenye nyasi, unatoboa mawingu, unafika angani na kutua sayari nyingine bila skrini kufunga hata mara moja. Ilipotoka 2016 ilitukanwa kuliko Starfield, kwa sababu ilikuwa na njia tupu isiyo na watu wa kukutana nao. Kwa hiyo kila mmoja alichagua. Hello Games walichagua mawingu, Bethesda wakachagua kikombe. Mimi ni mtu wa kikombe. Ila mtu wa kikombe hapaswi kuwatangazia watu mawingu.

Tuje kwenye zenyewe hizo sayari. Unatua mahali popote unapopachagua kwenye tufe, na kompyuta inakupangia ardhi: milima, mawe, pengine mimea, na majengo machache yaliyotawanyika. Unatembea. Siku za mwanzo ulitembea kwa miguu tu. Gari, REV-8, lilikuja Agosti 2024, karibu mwaka mzima baada ya gemu kutoka. Ukitembea vya kutosha maandishi yanakuambia kwamba umefika mpakani, kama unataka kuendelea panda chombo ukatue upya. Mara ya kwanza sikujali. Kilichonikata stimu ni majengo.

Kuna maabara moja ya kugandishia vitu iliyotelekezwa. Mara ya kwanza niliipenda: barafu imeziba milango, bomba linavuja, maiti kaegemea hapa, karatasi ya mtu aliyekuwa analalamikia wakubwa wake iko pale, kasha la silaha nyuma ya mlango uliofungwa. Nilisoma kila karatasi. Kwenye sayari nyingine kabisa, mfumo mwingine, nikaona jengo kwa mbali, nikaingia. Barafu ileile. Bomba lilelile. Maiti kaegemea palepale, na karatasi ileile ya mtu yuleyule anayelalamikia wakubwa walewale. Jengo kujirudia ningelimeza. Kampuni hujenga majengo yanayofanana hata huku kwetu. Maiti na barua yake kujirudia ni jambo lingine. Pale karatasi ilipojirudia, nikaacha kusoma karatasi zote za majengo ya porini, na gemu ya Bethesda isiyosomwa karatasi zake imepoteza nusu ya utamu.

Ashley Cheng, mmoja wa wakuu wa Bethesda, aliliambia gazeti la New York Times wakati gemu inatoka kwamba wanaanga walipofika mwezini hawakukuta kitu chochote, na hakika hawakuchoshwa. Maneno haya yalichekwa sana mitandaoni. Mimi nayaona yana ukweli nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo shida ya gemu nzima. Wanaanga hawakuchoshwa kwa sababu walikuwa wamepanda juu ya mafuta yanayolipuka, wakasafiri siku kadhaa, na kati yao na kifo palikuwa na kitambaa cha suti. Mtu wa namna hiyo akiokota jiwe, jiwe lina uzito. Kwenye Starfield unafika mwezini kwa kubonyeza, suti yako inavumilia karibu kila kitu, na ukichoka unaondoka kwa kubonyeza.

La kusikitisha ni kwamba hapo awali haikuwa hivyo. Howard mwenyewe ameeleza kwamba walipokuwa wanaitengeneza, chombo kiliweza kuishiwa mafuta na kukuacha umekwama, na hali za sayari zilikuwa kali zaidi. Wakaona inakera, wakalegeza. Mabaki ya wazo lile bado yamo: kuna tangi, kuna umbali ambao chombo chako hakiwezi kuruka kwa mkupuo mmoja, kuna vituo unavyoweza kujenga ili uchimbe gesi ya mafuta. Lakini ukishafika unakokwenda tangi linajijaza lenyewe. Yaani kituo cha mafuta kipo, pampu ipo, gari ndilo haliishiwi. Naelewa kwa nini walilegeza, kukwama kunaudhi. Ila ukiondoa kukwama kwenye anga, kilichobaki ni mandhari.

Mgala muue na haki yake mpe. Gemu ikijibana, inang'aa.

Chukua United Colonies. New Atlantis juu ni mji wa vioo, maji yanatiririka, treni inapita kimya, kila mtu anakusalimia kwa adabu. Chini yake, kwa lifti tu, kuna mtaa unaoitwa the Well: mabomba, giza, watu ambao hawana nafasi huko juu. Na uraia hauji kwa kuzaliwa pale, unautafuta kwa kutumikia serikali. Ukitaka njia ya mkato unajiunga na Vanguard, kikosi cha kujitolea, na kabla ya kuapishwa unapitishwa kwenye ukumbi wa maonyesho unaokueleza historia: vita dhidi ya Freestar, mazimwi yaliyofugwa yakageuzwa silaha, na viumbe wanaoitwa terrormorph ambao wakiingia mji hauponi. Nilisikiliza kila kibao. Kisha unatumwa kwenye kijiji kimoja cha mbali kupeleka vifaa tu, kazi ya tarishi, na ukifika hakuna anayejibu redio. Sitasema zaidi. Kazi hiyo ilinishika kuliko hadithi kuu ya vipande vya chuma na maono, ambayo mpaka sasa ni ya kwenda pango moja, kukata chuma, kurudi, kutumwa pango lingine.

Au chukua Neon. Mji mzima umejengwa juu ya jukwaa katikati ya bahari ya Volii Alpha, mwanzo lilikuwa jukwaa la uvuvi. Wavuvi wakagundua kwamba samaki fulani wa huko anatoa kileo kikali, wakakiita Aurora, na tangu hapo mji haukuvua samaki kwa ajili ya kitoweo tena. Aurora ni halali Neon peke yake. Ukitoka nayo mfukoni ukasimamishwa na doria ya angani una kesi. Uchumi mzima wa mji unaeleweka ukiwa umesimama kwenye mvua ya taa za rangi, na hakuna aliyekupa mhadhara.

Na kuna Almagest, meli ya kamari iliyoachwa inaelea kwenye mzunguko wa sayari ya Nesoi, mashine ya kuleta nguvu ya mvutano imezimika. Ndani yake hakuna juu wala chini. Nilifyatua bunduki ya risasi na ile nguvu ya bunduki ikanirudisha nyuma mpaka nikagonga ukuta wa mashine za kamari. Adui niliyempiga akaondoka taratibu kuelekea darini akizunguka, na silaha yake ikabaki imening'inia hewani nikaichuma kama embe. Hapa ile injini yao ya kukumbuka kila kikombe inalipa deni lake lote. Ukumbi mmoja. Ningetoa sayari 50 zenye mawe nipate meli nyingine moja kama hiyo.

Chombo nacho kina raha yake, alimradi usiwe na haja ya kukirusha. Kukiunda ni gemu ndani ya gemu: unachagua kinu cha nguvu, injini, vyumba, miguu ya kutulia, bunduki, na kila kipande kina kampuni yake na mtindo wake. Nimepoteza usiku mzima nikihamisha chumba cha kulala kutoka kushoto kwenda kulia. Kero mbili. Ngazi na milango ya ndani gemu inajipangia yenyewe, kwa hiyo unaweza kujenga chombo kizuri kwa nje kumbe ndani ni njia za panya. Na ukibadilisha hata kipande kimoja, vitu vyote ulivyovipanga juu ya rafu na meza vinafagiliwa kwenda kwenye stoo. Vikombe vile vinavyokumbukwa popote ulimwenguni vinasahauliwa nyumbani kwako.

Wenzako wa safari nitawapitia haraka. Sarah, Sam, Barrett na Andreja wameandikwa kwa uangalifu na wameigizwa vizuri, lakini wote wanne wanatoka kwenye chama kimoja cha wavumbuzi wa anga, Constellation, na wote wanachukia mambo yaleyale. Ukiiba, unanuniwa mara nne.

Dunia yetu nilikwenda kuitazama, nani asingekwenda? Hewa imetoweka, imebaki mchanga. Walioitengeneza wamesimamisha kumbukumbu chache za kutafuta: jengo refu la New York, mnara unaoegemea wa Pisa, na nyingine za London, Osaka, Shanghai, Dubai. Afrika imepata piramidi la Misri, basi. Nikachagua sehemu kwenye tufe nikikisia ndiyo pwani yetu, nikatua: mchanga, na upepo usiokuwa na mtu wa kuusikia. Najua ni mzaha wa gemu, hawawezi kuweka kila mji. Lakini gemu hii inaisujudia NASA, mpaka mnara wa kurushia roketi wa Florida umeachwa umesimama. NASA hiyohiyo tarehe 12 Desemba 1970 ilirusha satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na iliirusha kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Jukwaa moja lenye kutu lingetosha. Wangelirudia hata kwenye sayari 30, nisingelalamika.

Swali ninaloulizwa ni kama inafaa kuinunua, na hapa jibu linategemea umekaa wapi. Bei ya kutoka ilikuwa dola 70, na hiyo ni nusu ya hesabu. Gemu inakula gigabaiti 125, tena inataka SSD, yaani diski ya kasi, kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 16, na kadi ya picha isiyopungua GTX 1070 Ti. Anayeishi kwa bando ajue kwamba kuipakua tu ni mradi. Kwenye kibanda cha gemu huwezi kuicheza: huko PlayStation na mpira ndio wafalme, unalipia mechi au muda, na gemu ya namna hii inakudai mashine ileile kila siku ili uendelee ulipoishia. Kwenye Xbox ilitoka ikiwa na fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde, na chaguo la 60 lilikuja Mei 2024 pamoja na ramani za miji. Ndiyo, miji hiyo yote ilitoka bila ramani. Watu walitafuta duka la bunduki kwa kuuliza-uliza.

Kuna hoja kwamba gemu hizi zisihukumiwe mapema, na mfano unaotolewa kila siku ni Cyberpunk 2077 ya CD Projekt Red ya Poland. Ilitoka 10 Desemba 2020 ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony iliiondoa dukani kwake baada ya wiki moja, ikairudisha Juni 2021, na toleo lake la 2.0 lilipofika Septemba 2023, mwezi uleule wa Starfield, watu walikuwa wanaisifu. Lakini ugonjwa wa Cyberpunk ulikuwa wa kuharibika: magari yanazama ardhini, polisi wanatokea mgongoni. Mji wenyewe ulikuwa umejengwa vizuri tangu siku ya kwanza, ukisubiri fundi. Starfield ilitoka nzima kuliko gemu zote za Bethesda nilizowahi kucheza. Kwangu haijaanguka wala haijanila faili nililosevu. Kinachoisumbua kimo kwenye mpango wa nyumba, na fundi wa mabomba hawezi kuhamisha msingi.

Bethesda wenyewe nadhani wanalijua hilo. Nyongeza yao ya kwanza kubwa, Shattered Space, iliyotoka 30 Septemba 2024, haikuongeza sayari nyingine 1,000. Iliweka karibu kila kitu kwenye sayari moja, Va'ruun'kai, ardhi iliyopangwa kwa mkono ambayo unaitembea mwanzo hadi mwisho. Sijafika huko. Nimeambiwa nayo ina wanaoilalamikia, na nitasubiri kuiona kwa macho yangu, ila mwelekeo wake naupenda.

Na ile Mei 2024 waliongeza kitu ambacho hakikupigiwa kelele nyingi: orodha ya vipimo vya ugumu unavyojichagulia. Sasa unaweza kuifanya gemu ikudai chakula na maji, risasi ziwe na uzito, hali ya hewa ya sayari ikuumize kweli, na wachuuzi wawe na pesa kidogo. Nimewasha karibu zote. Baada ya hapo nilitua kwenye mwezi mmoja wa barafu usio na jina la maana, nikaenda mbali kidogo na chombo kutafuta madini, na kwa mara ya kwanza nikageuka nyuma kuangalia kama bado nakiona. Nilihesabu nilichonacho mfukoni. Nikaamua kutokwenda kwenye jengo lililokuwa mbele yangu, ingawa nililitaka, kwa kuwa nilikuwa naumwa na dawa ilikuwa imeisha. Mwezi ulikuwa uleule mtupu, mawe yaleyale.

Kwa hiyo anayeanza leo namshauri awashe vipimo hivyo mapema, aende Vanguard kabla ya kufuata hadithi kuu, achague wazazi, na asiingie jengo la porini isipokuwa ametumwa. Kipimo ninachokingoja mimi bado hakimo kwenye orodha. Mafuta ya chombo yanaendelea kujijaza yenyewe.